Uwanja Uliofyekwa kwa Heshima ya Binti

Alikuwapo baba mmoja, mtu wa usafi kupita kiasi. Uani kwake hukuokota jani. Mnacheka? Alikuwa anafagia mpaka njia ya jirani. Palimshinda mahali pamoja tu: mteremko ulio mbele ya baraza, maana huo ulikuwa wa mkewe. Mvua zikikolea paliota vishona nguo, maua ya njano, maua ya zambarau, na magugu yenye utomvu mweupe ambayo hata mbuzi huyapita. Basi vipepeo wa rangi ya chungwa walijaa pale mpaka mteremko uonekane unapumua.

"Mke wangu, hapa atatoka nyoka siku moja."

"Akitoka nitampa chai. Wewe laza hilo fyekeo lako."

Mama yule akafa. Baba akauacha mteremko, akawa anaupita bila kuutazama.

Mwaka wa pili, binti yao wa pekee, mwalimu wa mbali huko, akaugua ule ugonjwa ambao madaktari huishia kukwambia nenda ukakae na watu wako. Akapiga simu.

"Baba, nakuja. Usichinje kitu, siku hizi sili. Niwekee tu kile kiti cha mama barazani."

"Kiti tu, mwanangu?"

"Kiti tu, baba. Kielekee kulekule alikokuwa anaangalia."

Mmesikia alichoombwa? Kiti! Lakini sisi wazazi tukiombwa kiti, tunaandaa harusi.

Dada yake yule baba akaja, akashika kiuno. "Kaka, mgonjwa analetwa hapa, watu watajaa. Wasimame wapi, humo porini? Watasema tangu mkeo aondoke umegeuka fisi."

Neno hilo likamchoma. Akatoa fyekeo. Siku mbili alifyeka, akang'oa, akakusanya, akatia moto. Chini ya majani akakuta viwavi wenye mistari, wengi. "Hawa ndio wa kuja kumwasha mtoto wangu!" Motoni. Kwenye vijiti akakuta vitu vidogo vinaning'inia, vya kijani, vina vidoa vya dhahabu kama hereni. Kimoja alikishika kiganjani akakitazama kitambo. Dada yake akamwita, "Kaka, gari linafika kesho!" Nacho akakitupa motoni. Kisha akafagia, mistari ya ufagio imenyooka. Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alijiona baba.

Binti akaja, amejitanda khanga mbili na bado anatetemeka. Akakaa kwenye kiti. Wageni wakasifu: "Hongera, mzee, uwanja unang'aa!" Yeye macho mteremkoni tu. Siku ya kwanza hivyo. Ya pili hivyo. Ya tatu akauliza:

"Baba, mwaka huu hawakuja?"

"Akina nani?"

"Vipepeo wa mama."

Ndugu zangu, yule baba aliona tena kiganja chake na kile kihereni cha kijani. Akachuchumaa mbele yake.

"Mizizi imo, mwanangu. Mvua zikirudi mwakani maua yataota yote, nakuapia. Sitagusa hata jani."

Binti akamtazama. Hakukasirika, angekasirika ingekuwa afadhali.

"Mwakani, baba?"

Baba akawa anamrekebishia khanga begani, ambayo haikuwa imeanguka.

"Basi nigeuzie kiti, baba. Kielekee ukutani."

Akakigeuza kwa mikono yake mwenyewe. Siku tisa binti yule alitazama ukuta. Siku ya kumzika, watu walienea vizuri. Uwanja ulikuwa na nafasi.

Sasa sisi.

Msianze kumlaumu yule mzee, nimewaona nyuso. Yeye alifyeka kwa upendo. Sisi je? Mwezi uliopita tulimtenga binti wa kwaya kwa sababu ya tumbo lake. Jina lake nililisoma mimi, hapahapa mbele, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mkaitikia kwa vichwa, mkasema kanisa limetakata. Kabla yake tulimtoa kijana wa pombe aliyekuwa anasimama pale mlangoni. Je, mliwahi kumwuliza pale mlangoni alikuwa anatafuta nini? Nami sikumwuliza. Na kila Jumapili tunapiga magoti: Bwana, tuletee vijana, ulijaze kanisa lako! Atuletee kutoka wapi, wakati wakiwa viwavi tunawachoma, na wakining'inia kwa kijiti kimoja tunakitikisa kijiti juu ya moto?

Mnangoja niwaambie mwakani watarudi. Siwaambii. Nilikwenda kwa yule binti wa kwaya juzi. Mlango una kufuli, na mama mwenye nyumba hajui alikokwenda. Nilimkuta amekwisha kuondoka, na msamaha wangu nikarudi nao mfukoni.

Benchi la tatu, upande wa kwaya, nafasi ya mwisho, pale alipokuwa anakaa. Nimelifuta vumbi mwenyewe asubuhi hii. Linang'aa. Msinitazame mimi, na msiutazame ukuta. Litazameni hilo.