Mstari wa Jina la Mwokozi

Sogeeni, mnaosikiliza na mnaojifanya mnasikiliza. Kesi hii imewashinda wenye mihuri. Huenda ninyi mkaiweza.

Kijiji cha Kisangaze kilikuwa bondeni, chini ya mlima, kando ya mto. Humo waliishi watu watatu waliochekwa kwa sababu waliridhika. Bi Nakunda, mjane, kila alfajiri aliketi kizingitini na kata ya uji, akasikiliza. Hakutafuta kusikia chochote. Jogoo akiwika, alisikia jogoo; uji ukipoa, alijua umepoa.

Mzee Senkondo alikuwa na mkeka, chungu, jembe, na nyumba tupu yenye mwangwi. Majirani walimwambia mwizi akiingia kwake atatoka ameacha kitu, kwa huruma.

Kajiru, mchonga mizinga, hakuwahi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Ukimsalimu yuko kazini, alimaliza kuchonga, akaweka shoka chini, ndipo akaitikia. Wakati huo wewe umeshafika sokoni.

Mlima uliokuwa juu yao ulikuwa na ufa. Wanakijiji waliandika barua wilayani, na baada ya masika mawili likaja jibu: mlima umekaguliwa kwenye ramani na hauna tatizo. Barua ikabandikwa kwenye ukuta wa ghala. Ufa ukaendelea kupanuka bila kuisoma.

Alfajiri moja ya masika, Nakunda aliinua kata, ikaishia hewani. Kuna kitu hakikuwepo. Jogoo alikuwepo. Mvua kwenye majani ya migomba ilikuwepo. Mto haukuwepo. Mto uliounguruma nyuma ya nyumba yake tangu aolewe ulikuwa kimya, na mto unaonyamaza katikati ya masika haujalala. Kule juu mlima umeuangukia na kuuziba, na maji yanajikusanya nyuma ya udongo, yakingoja. Alikwenda mlango kwa mlango akalisema hilo kwa sauti yake ya kila siku. Labda ndiyo maana walimwamini.

Njia ya chini iliufuata mto, haikufaa. Njia ya usalama ilipanda Mgongoni, na kabla ya kupanda ilivuka korongo juu ya gogo. Walipofika, gogo lilikuwa limeoza na kuanguka. Wengine wakarudi kuhangaika na makabati yao. Senkondo alilitazama korongo, akarudi kwake na mkeka kwapani, akaibomoa nyumba. Nyumba isiyo na kitu haina cha kuhamisha kwanza. Kabla makabati hayajatoka mlangoni, mihimili yake mitatu ilikuwa imelala juu ya korongo.

Ilikuwa myembamba, inateleza, na ukungu ulificha kina cha korongo. Watu arobaini walitaka kupita wote pamoja. Kajiru akapanda juu ya mihimili, akawapa mgongo.

“Usitazame chini, usitazame ng'ambo,” alimwambia wa kwanza. “Tazama kisigino changu.”

Akamvusha, akarudi, akamvusha mwingine, kwa mwendo uleule, kana kwamba duniani hakuna kitu ila hatua moja. Mara arobaini. Wa mwisho alikuwa Nakunda. Alipokanyaga ng'ambo, bonde lilitoa mlio ambao masikio yake hayakuwa na jina lake, na Kisangaze ikaondoka. Mto ukarudi kunguruma.

Sasa, kwa mila ya pale, anayeokoa kijiji hupewa Mgongoni: shamba dogo lenye chemchemi. Haligawanywi. Moto unaowashwa pale ni wa jiko moja tu. Wengine wote wangehamishiwa kambini, kando ya barabara kuu. Afisa wa Maafa alifika siku ya tano na fomu yake, na penye “Jina la Mwokozi” palikuwa na mstari mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza mila na serikali kukubaliana juu ya jambo lolote.

Aliuliza mto ulinyamaza saa ngapi.

“Uji ulikuwa bado wa moto, mwanangu,” alisema Nakunda.

Akaandika: saa haijulikani.

Na kwa kuwa kifungu cha tatu kilitaka uhakiki ufanyike mahali pa tukio, aliwateremsha wote bondeni na kupiga mahema juu ya tope lililoanza kukauka. Masika yalikuwa bado hayajaisha. Mihimili ya Senkondo iling'olewa korongoni, ikabandikwa lebo, ikarundikwa hemani kwa afisa: kielelezo namba moja. Kuitoa kulihitaji saini ya mkubwa wake, aliyekuwa safarini.

Uhakiki ulichukua siku tisa. Katika siku hizo Senkondo alipewa blanketi mbili, akaomba ya tatu, kisha akaomba sanduku la kuzitunzia. Kajiru alianza kuitikia salamu kabla hazijaisha, macho yakiwa kwenye hema la afisa. Na Nakunda? Alikwishaonyeshwa kambi: malori usiku na mchana. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kitu, na alikitaka sana. Kila alfajiri aliketi na kata yake, akipanga maneno atakayosema siku ya uamuzi. Uji ulipoa, asijue.

Siku ya kumi watu wakakusanyika. Afisa akafungua kalamu, akamruhusu kila mmoja aseme.

“Bwana Afisa, masikio hayavuki korongo,” alisema Senkondo, ameketi juu ya sanduku lake. “Na kisigino hakikanyagi hewa. Nyumba niliyoitoa ni yangu, na sikuwa na nyingine.”

“Mbao zako zilikuwa mbao tu, mzee wangu,” alisema Kajiru harakaharaka. “Watu walikuwa wanasukumana kwenda kufa. Nani aliwatuliza?”

Nakunda akasimama. Maneno aliyoyapanga siku tisa yalimtoka bila kukwama. “Mngetulizana nini na mmelala? Bila mimi, Senkondo, hizo mbao zako zingekuwa zinaelea, nawe juu yake na mkeka wako.”

Watu walicheka. Kisha kicheko kikaisha, kukawa kimya. Afisa alikifurahia kimya hicho. Tangu aje, hakuwahi kupata utulivu wa namna ile kazini. Akainamia fomu, akaandika tarehe, na kalamu ikakwaruza karatasi.

Nakunda aliisikia ikikwaruza. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mto, lakini aliisikia kalamu, kila herufi. Akataka kufurahi kwamba masikio yake bado ni yale yale. Kisha akajiuliza imewezekanaje kuisikia kutoka pale, akageuka kuutazama mto. Hakujua ni tangu lini. Pengine sasa hivi. Pengine tangu jana.

Mihimili iko hemani, inangoja saini. Senkondo amekalia sanduku lake. Kajiru hatazami kitu ila ncha ya kalamu, na kalamu imefika kwenye mstari.

Masikio, nyumba, kisigino: hakuna mmoja ambaye angetosha bila wawili. Jina la nani liandikwe? Je, wewe ungeamua vipi? Amua. Ila kabla hujaanza kubishana na jirani yako, nyamaza kidogo, useme unasikia nini.