Muziki wa Kumwingiza Leokadia

Asemaye "safi" keshaondoka. Methali hiyo mmeisikia leo kwa mwenzangu Chande mlipomchezea muziki wenu wa kwenye simu, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Kaeni. Aliyeitamka kwanza ni mimi, na sijivunii. Ilivyozaliwa ni hivi.

Mnamjua Dismas Kobelo, fundi friji wa pale Mji Mpya. Ukimwona leo ameinamia friji la mtu huwezi kujua kwamba alikuwa anatunga muziki. Alikuwa na kompyuta kuukuu, mfuniko umeshikizwa kwa gundi. Kupuliza hajui hata filimbi. Lakini kila akitoka kazini alikaa na kompyuta hiyo akipanga chombo kimoja kimoja: ngoma, juu yake tromboni, juu yake tarumbeta, mpaka mashine ikawa inapiga bendi nzima peke yake. Hakuna kuimba, ni vyombo vitupu.

Na alikuwa na tabia ya kuomba. Anakuvalisha hedifoni, anakwambia umsikilizie umwonyeshe palipokaa vibaya. Hakuuliza kama ni nzuri. Halafu anakaa anakutazama usoni. Watu wakawa wanamkwepa.

Mwaka ambao binti yake Leokadia alikuwa anaagwa kwenda kuolewa, Dismas alitunga muziki wa kumwingiza ukumbini. Ilimchukua miezi minne. Bendi iliyoitwa kupiga ni yetu ya matarumbeta, nami ndiye niliyekuwa naiongoza. Akaniletea wiki tatu kabla ya sherehe. Alinikuta nina njaa, ugali uko mezani. Nikasikiliza kidogo, nikavua hedifoni, nikamwambia safi.

"Safi wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia safi kote, nikanawa mikono.

Nikautuma kwenye kundi letu la simu. Sisi nota hatusomi. Mimi mwenyewe shule niliiachia darasa la tano. Wimbo tunaushika kwa sikio. Wote saba wakajibu kwa dole gumba, na kila mmoja alidhani mwenzake ameusikiliza. Ulikuwa msimu wa harusi, tunapiga sehemu mbili kwa siku, kwa hiyo mazoezi hatukufanya. Tulijiona tunajua nyimbo zote za mji huu. Huu mmoja ungetushinda nini?

Siku ya sherehe, saa tisa alasiri, mlango ukafunguliwa. Leokadia akaingia kwa ile hatua ya madaha, mbili mbele, moja nyuma. Tulianza vizuri, mimi na Chande kwenye matarumbeta. Sasa jueni kitu kimoja: tarumbeta la kompyuta halina mapafu. Dismas alilipanga likawa linapanda, linapanda, bila kituo, na sisi hatukujua kupanda kunaishia wapi. Pumzi ikaniisha. Nikaondoa tarumbeta mdomoni nikijua Chande ataendelea. Chande naye, wakati uleule, alikuwa ameniachia mimi.

Wenzetu waliokuwa wanatufuata sisi nao wakakatika, ikabaki ngoma peke yake, kama mtu anayetwanga kisamvu. Leokadia akasimama katikati ya ukumbi, mguu mmoja mbele. Mshereheshaji akasema bibi harusi wetu ameishiwa chaji, ukumbi mzima ukacheka. Ngoma nayo ikanyamaza. Nikawapa wenzangu ishara, tukapiga ule wimbo tunaoupiga kila harusi, na binti akamalizia mwendo wake macho yakiwa chini.

Dismas alinifuata nyuma ya ukumbi tukiwa tunafungasha vyombo. Hakupaza sauti.

"Kaka Gaudensi, ulisikiliza mpaka wapi?"

"Muziki wako mgumu, fundi. Tarumbeta halina pa kupumulia."

"Hilo nimeliona. Nimekuuliza ulisikiliza mpaka wapi."

"Mwanzo mwanzo hapo."

"Mwanzo mwanzo." Akatikisa kichwa. "Kuweka pa kupumulia ni kubonyeza mara mbili tu, kaka. Ningekuwekea hata kumi. Mimi sipulizi, ningejuaje? Wewe unapuliza mwaka wa ishirini huu."

 Chande akajitia utani, akamwambia asijali, atatunga mwingine wa binti atakayefuata. Dismas hakumtazama. Leokadia ndiye mtoto wake pekee.

Wiki ile nikausikiliza wote, mara nne. Nikakuta kwamba baada ya pale tulipokatikia, tarumbeta linashuka na tromboni linalijibu polepole, kama baba anayemsindikiza mtoto mpaka njia panda kisha akageuka kurudi. Wimbo wenyewe ulikuwa hapo. Sisi hatukufika.

Nikamwendea kibandani kwake. Nikamweleza kila kitu: dakika ya pili aweke pengo, matarumbeta yawe mawili, yapokezane, ngoma isipige kwa nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho, ingoje bibi harusi akaribie meza kuu ndipo ipande, na ule mwisho asiuguse kabisa. Nilisema robo saa nzima, kwa makini, kama nilivyopaswa kusema ugali ukiwa mezani. Yeye alikuwa anasugua bomba la friji kwa msasa. Kompyuta sikuiona. Nikamwomba turekebishe pamoja, niwalete wenzangu tuupige wote, hata kama ni hapo nje ya kibanda.

Akainua uso, akatabasamu vizuri tu.

"Safi, kaka," akasema, akarudi kwenye bomba lake.

Nilisimama pale nikingoja neno jingine. Halikuja. Niliporudi kwa wenzangu waliniuliza Dismas kasemaje, nikawaambia kasema safi. Chande akafurahi.

"Kumbe amekubali."

"Hajakubali," nikamwambia. "Asemaye 'safi' keshaondoka."