Paa la Subilaga na Mtamba Mmoja

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Nawaomba jambo moja tu: msinipe jibu kabla sijamaliza, kwa sababu wengi waliolipata haraka walilibadilisha wakiwa njiani kurudi kwao.

Huko Tukuyu, ambako mvua haina msimu wa kupumzika, aliishi mama mmoja aitwaye Subilaga, mkunga mstaafu. Nyumba yake aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara wake, na aliipenda kuliko alivyopenda kukiri. Alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Tumpe, binti mkubwa, alikuwa na subira ya maneno. Karatasi ambayo wenzake hutia saini wakiwa wamesimama, yeye huketi akaisoma hadi mwisho. Gwakisa, wa pili, alikuwa seremala, na ubao mbovu ulimkera kama jino linalouma. Kitinda mimba, Lusajo, alikuwa mfanyabiashara wa ndizi mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Ukisifia shati lake, ujue utarudi nalo nyumbani.

Tumpe ndiye aliyeanza. Alimwambia mama yake akate bima ya nyumba.

"Nilipe kila mwaka kwa jambo ambalo halijatokea?" Subilaga aliuliza.

"Ndiyo, mama. Na uombe lisitokee."

Tumpe alikwenda kwa wakala. Bima ya bei nafuu ilikuwa ya moto na wizi peke yake. Akaikataa, akasema kwao upepo ndio unaopiga hodi. Ukiongezwa upepo, ada ya mwaka ilipanda, na Subilaga akatikisa kichwa. Tumpe hakukata tamaa. Alirudi na njia nyingine.

"Hasara ikitokea, fungu la kwanza utalibeba wewe, kampuni italipa linalobaki. Ukikubali kubeba fungu kubwa, ada inashuka, utaiweza."

"Na hasara ikiwa ndogo?"

"Hiyo itakuwa yetu yote. Tunajikinga na ile itakayotushinda."

Subilaga alifikiri, akacheka, akatia saini.

Gwakisa yeye hakujua habari za bima, wala hakuzitaka. Kila mwaka alipanda juu ya paa la mama yake, akagonga ubao mmoja mmoja, ulioanza kuoza akautoa na kuweka mpya. Mbao alinunua mama, kazi aliitoa yeye bure.

"Shuka ule, Gwakisa. Majirani watadhani nakuadhibu," Subilaga alizoea kumwita kutoka chini.

"Bado mmoja, mama." Na huo mmoja haukuisha mpaka chakula kipoe.

Basi alasiri moja Subilaga alikuwa kwa jirani wakimenya maharage, upepo ukashuka kutoka mlimani. Uling'oa mabati ya nyumba yake na mbao zilizoyashika, ukayatupa katikati ya shamba la chai. Mama alipofika, alisimama mlangoni akaiona mbingu kutoka sebuleni.

"Angalau sasa nitaona ndege bila kutoka nje," alisema. Kisha akaketi kizingitini.

Kampuni ilimtuma mkadiriaji wa hasara, kijana mpole aliyeamkia kabla ya kupanda ngazi. Alikagua kila mahali, hata zile mbao zilizokwenda shambani.

"Mama, bima yako inalipa kilichobomolewa na upepo, hailipi uchakavu," alisema aliposhuka. "Ningekuta mbao zimeoza, ningeandika kwamba paa lilijifia lenyewe. Lakini hizi zilikuwa nzima. Huu ni upepo."

Kampuni ikakubali kulipa, baada ya kukata lile fungu la mwenye nyumba. Hapo ndipo ugumu ulipokuja. Akiba ya Subilaga ilikuwa imekwisha kwa matibabu ya macho. Gwakisa alipima, akapiga hesabu, akasema kwa fedha za kampuni paa litafika mlango wa sebule na kuishia hapo.

Asubuhi iliyofuata Lusajo hakuonekana. Alirudi kwa miguu, akiwa na fedha mkononi. Pikipiki aliyobebea ndizi sokoni haikuwepo.

"Iko wapi, mwanangu?"

"Iko juu ya sebule, mama. Subiri mabati yafike."

Subilaga alitaka kumkemea. Badala yake alijikuta amemshika mkono, na hakuuachia upesi.

Paa likaisha. Siku ya karamu majirani walijaa, ndizi za nyama zikapakuliwa, na katikati ya kula mvua ikaanza. Watu wote walinyamaza kusikiliza. Maji yalipiga juu, yakateremka nje, hakuna sahani iliyopata tone. Mtu mmoja akaanza kucheka, na sebule nzima ikamfuata.

Ndipo Subilaga aliposimama. "Ng'ombe wangu amezaa ndama jike, mtamba. Nampa aliyeniokolea nyumba. Nampa mmoja tu, maana huyu hakatwi nusu akatoa maziwa."

Tumpe akatabasamu. "Bila bima kusingekuwa na cha kulipwa, mama. Ungepata ya moto, na upepo ungekucheka."

"Na bila mbao zangu," Gwakisa akasema, "hiyo bima yako ingebaki karatasi."

"Na bila mimi, nyote mngekaa sebuleni mkilowa," Lusajo akasema. "Tena dada, wewe ndiwe uliyechagua fungu kubwa. Pikipiki yangu imekwenda kuziba shimo ulilolichimba."

"Ningechagua dogo, ada ingemshinda mama. Usingekuwa na shimo la kuziba, ungekuwa na paa zima la kuezeka."

Walibishana huku wakipokezana bakuli la maziwa, na wageni wakagawanyika, kila upande ukishangilia wake. Subilaga aliwatazama mmoja mmoja. Aliyetoa maneno hakupoteza hata senti, lakini yote yalianzia kwake. Aliyetoa mikono ndiye aliyeipa bima nguvu, ila hakujua kwamba anafanya hivyo. Aliyetoa mali ndiye aliyebaki akitembea kwa miguu, ila alikuja mwisho, wengine wakiwa wamekwisha kumtengenezea njia.

Mama ameshika kamba ya mtamba, na mvua bado inanyesha juu ya paa. Ninyi mlionisikiliza, mngekuwa Subilaga, kamba hiyo mngeiweka mkononi mwa nani?