Bi Nakijwa na Wagombea Watatu wa Korongo la Mrasi

Paukwa!
—Pakawa!
Pakawa nini?
—Pakawa mlima!
Na ng'ambo yake?
—Mlima mwingine!
Na katikati?
—Hapapitiki!

Haya. Kama hapapitiki, basi tupite kwa mdomo, mdomo hauogopi korongo. Sogeeni. Wewe Chedieli, weka chini hilo gunzi, halikimbii.

Hapo kale, wala si kale ya mababu wa mababu, ni kale ya juzijuzi, magari yalikwishakuwapo duniani. Ila huku milimani tuliyasikia tu, kama mtu anavyosikia ngoma ya kijiji cha pili. Palikuwa na mama mmoja, jina lake Bi Nakijwa, akikaa mlima wa Itumbi. Alikuwa na binti mmoja, mmoja tu, Namkunda. Binti akaolewa mlima wa pili, Mrasi.

Siku ile ya kuolewa njia ilikuwa hai. Unashuka korongo, unavuka mto, unapanda, umefika. Kiporo ukikibeba asubuhi unakila hakijachacha. Bi Nakijwa akajisemea, "Mwanangu sijamwoza mbali. Nimemwoza chumba cha pili."

Masika yakaja. Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Ubavu wa mlima ukang'oka, ukala njia yote. Miiba ikaota, upupu ukaota, mto ukajichimbia. Vijana wenye nguvu walikuwa wameshuka kutafuta mjini. Waliobaki kila mmoja akasema, "Njia ni kazi ya serikali." Serikali nayo, nani aliyeshuka kuiambia?

Mtaniuliza, hakuna njia nyingine? Ipo. Unashuka hadi tambarare, unapanda gari, unauzunguka mlima wote, unapanda tena kwa nyuma. Namkunda aliipita mara moja, siku aliyoletewa habari kwamba baba yake amefariki. Akazunguka, akazunguka, akazunguka. Alipofika, kaburi lilikuwa limekwishakauka. Alipiga magoti, akaliwekea mkono kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akarudi kwa mumewe. Hakuja tena.

Basi Bi Nakijwa akabaki na moshi. Ndiyo, moshi! Kila asubuhi alisimama nyuma ya nyumba akitazama Mrasi. Moshi ukipanda, anasema, "Ameamka." Ukiwa mwingi, anasema, "Ana wageni." Ukichelewa, chai inapoa mkononi. Na kila asubuhi aliimba. Nami nikiimba mniitikie:

Namkunda wee, moshi nauona!
—Nauona!
Namkunda wee, sauti siisikii!
—Siisikii!
Namkunda wee, uso kaficha nani?
—Korongo!

Mkiwa na mtu wenu ng'ambo mtaimba vizuri zaidi. Msiombe.

Miaka ikaenda, ukaja uchaguzi. Diwani anatafutwa, mmoja kwa milima yote miwili, na wagombea ni watatu. Yupo Senkoro, mrefu, sauti kama pembe. Yupo Mgonja, mtanashati, viatu vinang'aa hata pasipo jua. Yupo Kajiru, mnene, mpole, akipanda kilima kidogo anapumua kama mvukuto wa mhunzi.

Mkutano ukaitishwa uwanjani Itumbi. Bi Nakijwa akaenda na kigoda chake, akakaa mbele kabisa.

Senkoro akasimama. "Wananchi! Mimi ni barabara! Nitaleta lami kutoka tambarare hadi hapa, pana, hata malori mawili ya kabichi yakikutana hayatasalimiana!"

Vifijo. Bi Nakijwa akanyoosha mkono. "Mwanangu, itapita kwa Namkunda?"

"Namkunda ni nani?"

"Binti yangu. Mrasi, pale kwenye moshi."

"Mama, barabara kuu huenda mjini. Pale ni porini."

"Aa," akasema Bi Nakijwa.

Mgonja akasimama, akapangusa viatu. "Ndugu zangu, barabara bila gari ni uwanja wa kuanikia maharage! Mimi nitaleta basi. Viti vya sponji, mapazia madirishani, asubuhi linashuka, jioni linapanda!"

Vifijo tena. "Mwanangu, litapita kwa Namkunda?"

"Mama yangu, basi hupita penye barabara."

"Na barabara iko wapi?"

"Hiyo muulize mwenzangu."

"Aa."

Kajiru akasimama, akapumua kwanza. "Jamani, hawa wanawapikia bila sufuria. Milima yetu yote na tambarare tunachangia chungu kimoja. Kahawa yetu imo, kabichi zetu zimo. Lakini wakipakua, barabara zinajengwa bondeni, sisi tunalamba mwiko. Nipeni kura nikadai fungu la Itumbi."

Hilo lilikuwa neno. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Bi Nakijwa akasogeza kigoda. "Mwanangu, fungu likija, litafika kwa Namkunda?"

"Litafika, mama. Kwanza kikao. Kisha mpimaji. Kisha kikao cha kumsikiliza mpimaji. Wewe usiwe na wasiwasi, umo kwenye mpango."

"Nimo kwenye mpango?"

"Umo."

"Huko kwenye mpango kuna pa kukaa? Maana miguu imechoka."

Watu wakacheka, wakacheka hadi wakashikana. Yeye hakucheka. Alibeba kigoda chake akarudi nyuma ya nyumba. Moshi wa Mrasi ulikuwa umeshakatika, mchana ule. Akautazama mlima mtupu. Akasema peke yake, "Wote wamesema kweli. Na kweli zao zote haziniwekei mguu ng'ambo."

Mwenye haja haombi mvua kwa anayetwanga, huomba pumba, kile mwenzake alicho nacho. Bi Nakijwa akafikiri. Wanataka nini hawa? Kura. Wanaogopa nini? Wenzao. Akasema, "Basi nitawapa."

Kesho yake akamkuta Senkoro anakunywa uji. "Mwanangu, njoo nikunong'oneze, usimwambie mtu. Mrasi kuna kura nyingi kuliko hapa. Nao wana desturi yao: mgeni anayekuja kwa kuzunguka nyuma wanamwita mwizi wa kuku, hapewi kiti. Anayewajia kwa mbele, kwa korongo, huyo ni mtu wao."

"Kweli, mama?"

"Mimi nimeoza huko. Nisijue desturi za wakwe zangu?"

Nyie mnanong'ona nini? Kama ni kweli? Hebu ngojeni.

Senkoro akakusanya wapambe wake, mapanga mkononi, ngoma mbele. Wakashuka korongo wakifyeka. Miiba ikaanguka, vichaka vikaanguka, upupu nao ukawaangukia. Mtoni wakavuka maji kifuani, wakapanda kwa kutambaa. Walipotokea Mrasi walikuwa wanajikuna mbavu, wanajikuna shingo, wanajikuna pasipotajwa. Watu wa Mrasi wakadhani ndiyo ngoma yao ya kampeni, wakajikuna nao, wakacheza hadi jioni.

Senkoro akarudi amevimba. "Mama, umenidanganya! Nimeuliza, hawana desturi hiyo!"

"Kiti hukupewa?"

"Nilipewa."

"Watu hawakukusanyika?"

"Walikusanyika hata watoto."

"Sasa nimekudanganya nini, mwanangu? Nenda upakwe majivu."

Senkoro akafikiri, akaona heri anyamaze, maana vifijo vile hakuwahi kuvipata popote.

Bi Nakijwa akaenda kwa Mgonja. "Mwanangu, mwenzako amefika Mrasi kwa korongo. Wamempenda. Ila wanamcheka: alifika amelowa kama bata."

Mgonja akatazama viatu vyake. Akaita wapambe. Wakaangusha miti, wakavuta magogo, wakayalaza juu ya mto, wakayafunga kwa kamba za mgomba, na kando wakaweka fito ya kushikia. Mgonja akavuka mkono mmoja mfukoni. Akasimama Mrasi mkavu, akainua mguu mmoja watu wauone. "Hivi ndivyo nitakavyowasafirisha!" Vigelegele!

Bi Nakijwa akaenda kwa Kajiru. Huyu alikuwa ameshasikia, amejilaza na kitambaa usoni. "Mama, najua ulichokuja kusema. Mimi ule upande wa Mrasi siuwezi, ni ukuta ule. Moyo wangu utapasuka."

"Basi, mwanangu. Nitawaambia wakwe zangu kwamba mtu wa fungu alishindwa kulifuata fungu."

Kajiru akaketi. Siku zile zilizofuata wapambe wake walishinda kwenye ule ukuta na majembe na sururu, wakichonga vipandio. Virefu akasema vifupishwe, vyembamba vipanuliwe. Kila penye kona akataka pawekwe jiwe la kupumzikia. Akapanda, akaketi, akapanda, akaketi, akafika Mrasi anatabasamu kama aliyetoka kitandani.

Ukawa mtindo. Leo huyu ana mkutano Mrasi, kesho yule, keshokutwa wa tatu anajibu mapigo. Wanashuka wakicheza, wanapanda wakicheza. Nyasi zikalala, udongo ukashikana, miguu ikapiga ardhi hadi ikang'aa. Na hakuna hata mmoja wao aliyesema, "Tazameni, tumefungua njia." Walikuwa wanatazamana wao.

Asubuhi ya siku ya kura, watu wote wako foleni. Bi Nakijwa hayupo. Wakaulizana, "Mama yule wa maswali yuko wapi?" Yuko korongoni! Kafunga kitenge kiunoni, kashika fimbo. Hakuna wa kumsindikiza, na hakumtaka. Palipokuwa na miiba akapita. Penye magogo akashika fito, akavuka. Penye ukuta akapanda vipandio, akaketi kila jiwe la Kajiru, akimwombea moyo wake mbovu uishi miaka mingi.

Akatokea Mrasi. Akaona mwanamke jikoni ameinama anachochea kuni, kampa mgongo. Nywele zina mvi pembeni.

Akasimama. Mnajua, jamani, miaka yote ile aliyokuwa akiimba, alikuwa anamwimbia msichana. Mtoto wa kusuka nywele, mbio, mdomo. Akasema moyoni, nimekosea nyumba. Huyu ni mama mkwe wake.

"Hodi."

Yule mwanamke akageuka. Wakatazamana. Ukuni ukaning'inia hewani.

"Mama?"

"Namkunda?"

"Mama, mbona umekuwa mdogo hivyo?"

"Na wewe umekuwa mimi."

Wakashikana. Hawakulia papo hapo, walipapasana kwanza, kama vipofu: shavu hili, bega hili, hapa palikuwa na kovu, lipo? Lipo. Ndipo wakalia. Njia ilikuwa imerudi. Miaka haikurudi pamoja nayo. Akaletewa wajukuu, wakubwa kumpita, wakamwamkia kwa haya, "Shikamoo bibi," kama wanavyomwamkia mgonjwa wasiyemjua hospitalini.

Mnataka kujua nani alishinda? Mmoja wao. Akashukuru, akahamia mjini karibu na vikao. Lami haikuja siku zile, basi halikuja, fungu likabaki njiani. Na wapambe, kura zikishahesabiwa, nani huwaona tena? Korongo likanyamaza.

Siku ya tatu tangu mama afike, Namkunda akasema, "Mama, sasa kaa. Kitanda ninacho. Huko Itumbi unarudia nini?"

Ah, jamani. Neno hilo ndilo alilolitamani kuliko maji ya kiu. Akalisikia, akafumba macho, akalikalisha moyoni. Kisha akatoka nje akaenda ukingoni mwa korongo. Akainama. Katikati ya njia ile iliyong'aa, majani mabichi yalikuwa yameanza kuchungulia. Membamba, laini, hayana ubaya wowote.

Akarudi akafunga kitenge. "Naondoka."

"Mama! Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Nikikaa hapa, nitakufa nikiwa na wewe, na njia itakufa nyuma yangu. Siku ya kunizika kando ya baba yako hutakuwa na pa kunipitisha, na binti yako akiolewa Itumbi utabaki unamwita hewani. Acha niende. Jumatano nitakuja. Jumamosi utakuja wewe, na hawa watoto, na wavae viatu vizito."

"Na miguu yako, mama?"

"Miguu yangu ndiyo jembe nililobaki nalo."

Namkunda akamsindikiza hadi kwenye magogo. Pale wakaagana, na kuagana kule kuliuma kuliko kule kwa harusi, kwa sababu safari hii ni mama mwenyewe aliyechagua. Mama akapanda upande wake, binti akapanda wake. Kila mmoja akageuka nyuma, akageuka, akageuka. Na kila hatua Bi Nakijwa aliikanyaga kwa nguvu, kwa kisigino, jani kwa jani, machozi yanamchuruzika na mguu haukosei.

Ikawa hivyo hadi mwisho wa siku zake. Kila alipofika akaondoka, ili kuwe na pa kurudia.

Haya, mzigo wangu nimeutua. Ulio mtamu mjitwike, ulio mchungu niachieni, bega langu limezoea. Ngano imevuka!
—Na sisi tumevuka nayo!