Ukumbi Usio na Nguzo

Kulikuwa na fundi mkuu mmoja wa ujenzi, ndugu zangu, mtu wa kwenda kwa jicho. Anasimama mbali, anafumba jicho moja, anasema, "Ukuta huo umelala kidogo," na kweli ukipimwa umelala. Bweni la ghorofa la shule moja ya wasichana alilijenga yeye. Juu wanalala watoto, chini ni ukumbi wa chakula, mpana, hauna nguzo hata moja katikati. Watu wakiingia husema, "Fundi huyu kiboko!"

Sasa shule ikataka kuongeza ghorofa nyingine. Akaletwa binti mhandisi, akalipiga jengo zima picha na kulipima, kila pembe, akaliingiza kwenye kompyuta. Akamwita fundi aje aone.

Jamani! Fundi alivua kofia. Bweni lake lote limo mle ndani! Binti anagusa, paa linaondoka. Anagusa tena, kuta zinapitisha macho kama chandarua: mabomba haya, nyaya hizi, vitanda vya watoto vimepangwa. Na ile ghorofa ambayo hata tofali lake halijafyatuliwa, imeshakaa juu.

"Zungusha tena, mwanangu," fundi akasema, machozi yanamlengalenga. "Mungu wangu, kumbe mtu anaweza kuona hivi?"

"Subiri, Mzee. Sasa tulibebeshe uzito wake." Akagusa. Boriti ya katikati, juu ya ukumbi, ikawa nyekundu: imezidiwa na mzigo.

"Ni hiyo ghorofa mpya," fundi akasema upesi. "Itoe."

Binti akaitoa. Boriti ikabaki nyekundu.

Mnaona hapo? Ramani ya kwanza ilikuwa na nguzo pale, na yeye ndiye aliyeiondoa nguzo hiyo makusudi, ukumbi upendeze.

"Mashine yako imekosea," akasema. "Jengo hili limesimama miaka yote."

"Halijaanguka, Mzee. Siwezi kusema zaidi ya hapo."

Wapendwa, ungekuwa wewe ungefanyaje? Sifa yake yote iko kwenye ukumbi ule. Angeweza kubishana na mashine mpaka jioni, na shule ingemwamini yeye.

Akavitazama vile vitanda. Akatoa simu, akampigia mkuu wa shule: "Mama, watoe watoto bwenini. Leo hii, wasilale humo. Nguzo niliiondoa mimi."

Haya, sasa sisi. Tunapenda sana kusema Mungu anaona yote. Na makofi tunapiga! Maana kichwani tunamwona anachungulia kwa jirani. Akigusa ukuta wetu, tunasema mashine imekosea. Lakini mimi kuna jambo linanitetemesha, ndugu zangu: anatuonyesha kabla jengo halijaanguka. Angeweza kunyamaza! Kile anachokuonyesha asubuhi hii, ambacho wewe peke yako unakijua, ni huruma yake. Mkeo anakutegemea, watoto wanakutegemea, hawajui lolote. Sema leo, wangali wazima.