Kinu cha Ufuta cha Bondeni

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba, mikeka na majirani wa kugombana nao kama sisi, palikuwa na kijiji kikiitwa Bondeni. Sogeeni karibu. Na wewe uliye mlangoni, acha kuchezea hilo komeo.

Watu wa Bondeni walilima ufuta. Ukishavunwa, Tembo aliubeba, akauzunguka mlima mpaka kwa Fisi, maana Fisi ndiye aliyekuwa na kinu cha kukamulia mafuta. Gunia zima lilikwenda, kikarudi kibuyu kimoja. Mafuta mengine yakabaki kwa Fisi. Mashudu, yale makapi yanayonenepesha mbuzi, nayo yakabaki kwa Fisi. Tembo alilipwa kwenda, akalipwa kurudi, kwa hiyo hakuona ubaya wowote.

Na vijana je? Vijana walifuata ufuta. Walikwenda kwa Fisi kupepeta na kuosha vyungu, wasirudi tena.

Bi Nguchiro, mdogo wa mwili, mwepesi wa mdomo, watoto wake wakubwa wote walikuwa huko. Alibakiwa na kitinda mimba wake, Chausiku. Siku moja akamkuta anafunga kifurushi.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Waliko wenzangu. Hapa nifanye nini, mama? Nitazame ukuta?"

Bi Nguchiro hakulia. "Nisubiri mpaka siku ya gulio," akasema. "Basi tu. Baada ya hapo sikuzuii."

Akatoka mbio, puru puru puru, mpaka kwa Bi Kobe. Bi Kobe alikuwa amezeekea kwenye kinu cha Fisi, macho yalipoanza kufifia akarudishwa kwao.

"Shoga, unaweza kutengeneza kinu?"

"Mikono haiwezi. Mdomo unaweza. Nileteeni gogo la mkwaju na vijana wasiojua kununa."

Basi wakachonga, ko! ko! ko! Bi Kobe akiwakemea: "Chini kuwe kwembamba! Hicho ni kinu, si beseni!" Kikachongwa, kikatiwa mchi mnene kama mti, na mchi ukafungwa boriti ndefu ya kukokota kwa kuzunguka. Wakamfunga Punda.

Punda akavuta. Hhh! Hhh! Kinu hakikutikisika. Kilikuwa kipya, kikavu, kimekaza. Mwenye nguvu za kukizungusha alikuwa Tembo peke yake.

Wakaenda barazani kwa Mzee Simba, mkuu wa kijiji. Fisi alikwisha pata habari, naye alikuwapo.

"Kinu bila wa kukizungusha ni kuni," Fisi akasema, hii hii hii! "Nipeni nikachemshie maharage."

"Mimi sizungushi," Tembo akasema kwa pua. "Mimi ni mtu wa safari. Nizunguke mahali pamoja kama kichaa?"

Bi Nguchiro akapiga goti. "Mzee Simba, mafuta yakitoka kwenye kinu hiki kabla jua la siku ya gulio halijazama, utatufanyia nini?"

Simba alipenda sana vitumbua, na vitumbua vinataka mafuta. Akajikuna shingo. "Nitapiga mbiu. Ufuta wa Bondeni ukamuliwe Bondeni kwanza, ndipo mafuta yauzwe popote. Njia ya gulioni ifyekwe. Na kila kijana anayetaka kazi hii afundishwe na Bi Kobe, chakula chake kitoke kwenye ghala la kijiji."

"Na yasipotoka?" Fisi akauliza.

"Kinu ni kuni zako. Na sitaki kusikia habari hizo tena."

Siku ya gulio ikafika. Msimu ule upepo wa kiangazi ulikuwa ukivurumisha vumbi, vuuu! Tembo alikuwa amerudi safari iliyopita na macho mekundu kama nyanya. Asubuhi na mapema Bi Nguchiro, aliyezoea kumwita mjomba, akabisha mlangoni kwake: hodi!

"Karibu, mpwa wangu. Umekuja kunibembeleza?"

"Nikubembeleze nini, mjomba? Nataka upige safari. Magunia ni mengi mwaka huu, hayabebeki mgongoni, itabidi ukokote. Sijui kama utaweza."

"Mimi? Nisiweze?"

"Ila hayo macho! Nikufunge kitambaa, nikae kichwani, nikuelekeze."

Tembo akafikiri. "Njia naijua. Ni kushoto tu, kushoto tu, mpaka mlima uishe."

"Basi macho ya nini?"

Akafungwa kitambaa. Akatolewa uani taratibu, hatua chache tu mpaka kwenye kinu, akafungwa kwenye boriti. Bi Kobe akamimina ufuta kinuni, akanyunyiza maji ya uvuguvugu. Kijiji kizima kikaziba midomo.

"Twende, mjomba!"

Kwiiii... kwiiii... kwiiii.

"Mpwa wangu, kinacholia nini?"

"Mzigo, mjomba. Ungekuwa mwingine angekwisha rudi nyumbani."

Tembo akafurahi, akakaza mwendo. Kwiiii, kwiiii! Mtoto wa Nungunungu akashindwa kujizuia, akacheka kwi kwi kwi.

"Nani anacheka?"

"Kasuku wa njiani, hawana adabu."

Jua likawa la utosi. Tembo akaomba maji, akaletewa mtungi.

"Mbona maji haya kama ya nyumbani kwangu?"

"Kiu hiyo, mjomba. Ukiwa na kiu maji yote ni ya kwenu. Kushoto!"

Wakaendelea. Alasiri Tembo akainua mkonga, akanusa. Nfff! Nfff!

Bi Nguchiro akamng'ang'ania sikio.

"Mpwa wangu," Tembo akasema, "nasikia harufu ya mafuta."

"Si ndiyo tunakaribia kwa Fisi!"

"Kweli! Leo nimekwenda kama upepo." Akavuta kwa nguvu zake zote. Chini ya kinu mafuta yakachuruzika, chururu, chungu kikajaa mpaka mdomoni.

Jua lilikuwa halijazama. Simba amesimama pale, na Fisi amekuja na shoka lake, tayari kupasua kuni.

"Tumefika, mjomba. Mwite mwenyewe."

"Fisi ee! Njoo upokee mzigo wako!"

"Mzigo gani?" Fisi akasema, shoka likining'inia mkononi. "Mimi niko Bondeni!"

"Bondeni?" Tembo akang'oa kitambaa. Akaona mlango wake. Akaona mke wake anasonga ugali. Akaona chungu.

Kijiji kikaangua kicheko, na watoto wakagaagaa chini.

"Umenidanganya!" Tembo akanguruma.

"Nimekudanganya, mjomba wangu," Bi Nguchiro akasema, tayari kukimbia. "Lakini hukuchomwa mwiba, hulali njiani, na ugali wa moto huo hapo."

Simba akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena. "Pigeni mbiu," akasema.

"Na mimi je?" Tembo akauliza, amenywea. "Nitabeba nini sasa?"

"Mafuta, mjomba. Zamani ulikuwa na njia moja na mteja mmoja. Sasa kuna gulio huku, gulio kule, na njia zinafyekwa."

Tembo akanuna mpaka alipomaliza kula. Kisha akauliza vyungu viko wapi.

Kinu nacho kilikuwa kimelainika kwa safari yake ya siku nzima, Punda akafungwa tena na mwenziwe, wakakiweza. Fisi akaondoka na shoka lake. Mbiu ikavuka mlima kabla yake, na vijana wa Bondeni walipoisikia wakaanza kurudi na vifurushi vichwani.

Na Chausiku? Mama yake alipogeuka alimwona amekwisha fungua kifurushi, amechuchumaa kando ya Bi Kobe.

"Haya maji, bibi, unajuaje kama yametosha?"

"Tia mkono wako humu, mjukuu wangu. Usiniulize, sikia mwenyewe."

Basi shikeni hili: mnacholima kwenu kikamueni kwenu, na watoto wenu ndio wawe wa kwanza kufundishwa kazi yake.