Viganja vya Nyumbani kwa Bi Zafarani

Kaeni, na mwenye usingizi akalale. Hadithi hii haimbembelezi mtu.

Walikuwapo binamu watatu, vitukuu wa Bi Zafarani, mwanamke aliyetoka utumwani akajenga nyumba ya mawe, akawapokea humo wengine waliotoka kama yeye. Tausi alikuwa akiota, na alichoota kilikuwa kweli. Majaliwa, fundi, aliujua ukuta kama mkunga anavyojua tumbo. Sikitu akisikia jambo mara moja halimtoki, hata likiwa la aibu yako.

Aliyeishi katika nyumba ile ni Tausi. Mume alishamwacha, na kwingine hakuwa nako. Siku moja bwana wa halmashauri akaja na kopo la rangi nyekundu, akachora alama ya X mlangoni.

"Gofu hili Ijumaa linabomolewa. Kama lina historia, nionyesheni."

Mchana ule Tausi akajilaza mkekani. Ndotoni nyumba ilikuwa nyeupe kama maziwa, chokaa mbichi inanukia, watu wanaingia mmoja mmoja bila miguu kugusa sakafu. Kila mmoja alibandika kiganja ukutani, akatamka jina alilopewa na mamake, si lile la bwana wake. Bi Zafarani akamgeukia: "Nawe umelala tu?"

Akaamka, akawaita wenzake. "Ukuta huu una mikono ndani."

"Una saruji," Majaliwa akasema. "Niliipaka mwenyewe, mwaka ule wa mvua nyingi, ukuta ulipojaa ukungu mweusi. Nilidhani nauponya."

Basi akaibandua, siku tatu, kwa patasi na kitambaa kibichi, taratibu kama anamvua mtoto nguo bila kumwamsha. Vikatokea viganja arobaini na kimoja, vikubwa kwa vidogo.

Ijumaa bwana yule akavitazama. "Viganja hata watoto wanachora. Vya nani?"

Sikitu akaenda mlangoni. Utotoni alikuwa akimkanda bibi yao miguu, na bibi akitaja majina ya waliopokewa humo, kwa mpango wa ukuta, kuanzia mlangoni. Akatembea polepole, anagusa, anataja. Tausi aliona kama chumba kinavuta pumzi. Bwana akafuata kwa kidole katika daftari kuukuu la walioachwa huru, alilokuja nalo. Halikukosekana jina hata moja.

"Nyumba inabaki," akasema. "Ila namwandika mtunzaji mmoja, akae humu yeye na wanawe. Mmoja tu."

"Bila ndoto yangu, patasi mngeipigia wapi?" Tausi akauliza.

"Ndoto haibandui saruji, dada," Majaliwa akasema.

"Na aliyeipaka nani?" Sikitu akacheka. "Viganja bila majina ni uchafu ukutani. Niandikwe mimi."

"Wewe una nyumba mbili, Sikitu," Tausi akasema.

"Tunaulizana nina nyumba ngapi, au nimefanya nini?"

Bwana kashika kalamu, anangoja.

Haya, nyinyi mnaotikisa vichwa: je, mngemwandika nani? Na asiniambie mtu wote watatu. Nafasi ni moja.